Kwaresima ya Vyura

Picha yangu ya kwanza ya chura niliipiga kwenye harusi, na sikuwa nimeikusudia.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo mjini, mtaa wa Majengo, chumba kimoja chenye pazia la bluu kwa ajili ya picha za paspoti, na pazia jingine la maporomoko ya maji ambalo wanafunzi hawalichoki. Jumamosi ni siku zangu za harusi. Ile Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima nilikuwa na maharusi waliotaka kupigwa picha mahali penye kijani cha kweli, si kwenye bustani ile ile ambayo nusu ya mji imepigiwa. Nikawapeleka kijijini Mollo, nyumbani kwa mama yangu. Chini ya shamba lake kuna bwawa lililozungukwa na matete, na upande wa pili majani yanapanda taratibu mpaka macho yanakutana na milima.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Bibi harusi alikaa kwenye kigoda cha mama, shela limetandazwa juu ya majani, mpambe wake ameshika pindo lisiguse tope. Nikapiga magoti na kuweka jicho kwenye kamera. Hapo kitu kidogo kikaruka kutoka kwenye matete, kikatua begani mwa bibi harusi.

"Chura!" Mpambe akaachia shela na kutimua mbio.

Bwana harusi naye akarudi nyuma, suti yake mpya ikigusa matete, huku akisema, "Mtoeni! Mtoeni!" bila yeye mwenyewe kunyoosha hata mkono. Bibi harusi peke yake hakutikisika. Aligeuza shingo polepole akamtazama mgeni wake. Alikuwa chura mdogo sana, angeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, ana mistari ya njano na nyeusi mgongoni na vidole vyekundu kama vilivyopakwa hina. Chura naye akamtazama. Nikabonyeza.

Albamu ilipokuwa tayari, mama mkwe wa bibi harusi alitaka picha ile itolewe. Alisema haipendezi, ndoa kuanza na chura. Yule binti akafunga albamu, akaiweka mapajani.

"Mama, watu wote siku ile walikuja na kadi," alisema kwa upole. "Huyu peke yake alikuja bila kadi wala mchango, na hakula hata punje ya pilau. Mwache tu akae."

Picha ikabaki. Nami nikabaki na nakala yake kwenye kompyuta ya studio. Nilikuwa nikiikuza mara kwa mara, mpaka jicho la chura lilijaa kioo chote: duara la shaba lenye mpasuko mweusi katikati, na ndani ya ule weusi, ukiangalia vizuri, mimi mwenyewe nimepiga magoti. Nimezaliwa Ufipa. Utoto wangu wote nimelala kwa kelele za vyura, na kuamka kwa kelele zao. Lakini sikuwa nimewahi kumwangalia chura usoni.

Kwaresima ikaingia. Kwetu, asilimia kubwa ya wateja wangu wa Jumamosi ni Wakatoliki, na Kwaresima hakuna harusi. Miaka ya nyuma nilitumia majuma hayo kupaka rangi studio na kulalamika. Mwaka ule nilimwachia msaidizi wangu picha za paspoti, nikavaa gambuti na sweta, nikapanda bodaboda asubuhi kwenda Mollo. Mume wangu, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa nyuma, aliniangalia nikifunga begi la kamera.

"Wenzako Kwaresima wanaacha nyama," alisema. "Wewe umeacha watu."

"Vyura hawaniambii niwapunguzie tumbo kwenye picha," nikamjibu.

Mama alinipokea kwa mshangao. Ni mjane, analima mahindi, maharage na ulezi, na huamka kabla ya jogoo kumaliza kuwika. Tulisalimiana, akaniuliza kwa Kifipa ni nani anayeumwa, maana mimi si mtu wa kuja Jumanne. Nilipomwambia nimefuata vyura, aliendelea kupepeta maharage yake.

"Nilipokusomesha," akasema hatimaye, "nilidhani utapiga picha za maaskofu."

Siku za mwanzo nilirudi na takataka. Nikikaribia ukingo, bwawa zima linanyamaza kama darasa lililomwona mwalimu mkuu. Nikimwona mmoja, anaruka kabla sijainua kamera. Nikimpata, flashi inagonga ngozi yake yenye maji na kumwachia baka jeupe mgongoni, kama mtu aliyemwagikiwa unga. Nilijifunza kwa kukosea. Nikafunika flashi kwa kitambaa cheupe ili mwanga ulainike. Nikatandika kiroba cha mbolea, nikalala kifudifudi juu yake, uso wangu sawa na uso wa maji, na kusubiri. Ukilala hivyo bila kutikisika, ule ukimya unaanza kuchoka wenyewe. Mmoja anatoa sauti mbali huko kwenye matete, kama mtu anayejaribu mlango. Mwingine anamjibu. Kisha wote wanakusahau, na unajikuta uko katikati ya soko.

Niliwapata wengi. Mmoja wa kijani alilala juu ya jani amekunja mikono chini ya kidevu, hataki kusumbuliwa. Wa kahawia mwenye pua ndefu alikuwa na sura ya mtu anayekwenda ofisini kulalamika. Mwingine alivimbisha koo mpaka likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe, likiangaza kama puto jua linapolipiga. Nilirudi mjini jioni na tope hadi kwenye nywele, nimechoka, ninanuka bwawa, na moyo wangu mweupe. Sikuwa na mteja wa kumridhisha.

Siku moja nikiwa nimelala hivyo juu ya kiroba, nilisikia kwato, kisha sauti ya mwanamke juu ya kichwa changu.

"Mwanangu, umeanguka?"

Nikainuka haraka. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama, mrefu, amejifunga shuka, fimbo mkononi, na nyuma yake ng'ombe wanakuja kunywa. Nilimfahamu kwa kumwona. Ni wa ile familia iliyohamia kutoka Usukumani na kujenga upande wa pili wa bwawa.

"Shikamoo mama. Sijaanguka. Napiga picha vyura."

"Marahaba." Akanitazama, akatazama kamera, akatazama maji. "Wamekufanya nini?"

Nikamwonyesha kioo cha kamera. Aliinama akaangalia yule mwenye koo kama puto. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Kumbe wana sura!" akasema. "Haya, basi wewe njoo na huku. Huku kuna mkubwa wao. Mbaya huyo! Jana amenifukuzia ndama."

Nilidhani ananitania. Nikamfuata kuzunguka bwawa, kuelekea mahali ng'ombe wake huteremkia. Pale palikuwa na kidimbwi kidogo, kilichotengwa na bwawa kwa ulimi wa tope, na maji yake hayakuzidi kifundo cha mguu. Ndani yake kulikuwa na wingu jeusi linalotembea. Nikainama. Walikuwa viluwiluwi, mamia kwa mamia, wamesongamana kama majani ya chai kwenye chujio, wakigeuka wote kwa pamoja. Na kando yao, nusu ndani ya maji, alikaa chura ambaye sijawahi kuona mfano wake. Alikuwa mkubwa kama bakuli la mboga lililofunikwa, wa kijani kibichi kilichochafuka, mikunjo mirefu mgongoni, na manjano chini ya kidevu. Mdomo wake ulitoka sikio hadi sikio. Hakuruka kutukimbia. Alitugeukia.

"Subiri," mama yule akanong'ona.

Ng'ombe mmoja, jike jeupe lenye pembe ndefu, akasogea kunywa kidimbwini. Lile bakuli likafyatuka. Chura alipaa kutoka majini mdomo wazi, akaigonga pua ya ng'ombe, akaanguka, akavimba, akajiandaa tena. Ng'ombe mzima alirudi kinyumenyume akipiga chafya, wenzake wakatawanyika, na sisi wawili tukashikana mikono tukicheka. Nilipotazama kamera baadaye, nilikuta nimepata picha ya pua, matone ya maji, na miguu miwili ya chura ikiwa hewani.

Usiku huo nililala kwa mama. Wakati wa kula nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi nilipofika kwa mwenye ng'ombe, akaacha kutafuna.

"Wale," alisema.

Misimu miwili nyuma, ng'ombe wa familia ile walivunja uzio wa miiba na kuingia kwenye ulezi wa mama ukiwa umeshabeba masuke. Pande zote mbili zilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, wazee wakakaa, mambo yakasuluhishwa, watu wakapeana mikono. Lakini mkono ulitolewa, moyo haukutolewa. Tangu siku hiyo mama alipokutana na mwenzake njiani alimwinamishia kichwa tu na kupita. Kanisani walikaa pande mbili tofauti. Wala hapakuwa na ubaya mwingine. Walikuwa wanawake wawili waliotenganishwa na bwawa, na kila mmoja alisubiri mwenzake aanze.

"Njoo umwone chura, mama," nikamwambia.

"Nina kazi."

Siku ya pili nilikwenda peke yangu. Ya tatu vilevile. Yule mama jirani alikuwa ameanza kuwapeleka ng'ombe wake kunywa upande mwingine, njia ndefu zaidi, na vijana wake walinung'unika. Aliwaambia ana mkataba na mkubwa wa pale. Tulizoea kukaa pamoja kwa muda, yeye juu ya jiwe na mimi kirobani, tukimtazama yule chura dume akizunguka viluwiluwi vyake kama mchungaji. Ndege akitua karibu, anamrukia. Nyoka mdogo wa majini akipita, anamrukia. Mara moja alirukia kivuli cha lenzi yangu.

Kisha mvua ikaacha. Huku kwetu hutokea hivyo katikati ya msimu, siku kadhaa za jua kali na upepo unaokausha kila kitu, mahindi yanakunja majani na wakulima wanatazama juu. Kidimbwi kilianza kupungua. Asubuhi maji yalikuwa ya kifundo, jioni yalikuwa ya kucha. Lile wingu jeusi lilikuwa limebanana mahali pamoja, na migongo ya viluwiluwi ikaanza kuonekana juu ya maji. Bwawa kubwa lilikuwa palepale, upande wa pili wa ulimi wa tope, urefu wa mpini wa jembe tu.

"Kesho nitaleta ndoo," alisema mama jirani. "Tuwachote."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kama vile mtu amenifanyia. Mama alikuwa jikoni. Sikumwambia aje. Nilimwambia tu kuwa wale watoto watakufa, na kwamba baba yao bado amekaa palepale, amepauka, hata majini hawezi kuzama tena. Akachochea moto.

Asubuhi nilipoamka, alikuwa mlangoni ameshafunga kanga kichwani, jembe begani.

"Twende," alisema. "Mfereji ni kazi ndogo."

Tulipofika, mama jirani alikuwa ameshakaa kwenye jiwe lake, ndoo miguuni. Aliinua macho akamwona mama. Akaweka kidole mdomoni, akatuonyesha chini.

Chura alikuwa kazini. Alikuwa ameingia kwenye ulimi wa tope kinyumenyume, akisukuma kwa miguu ya nyuma, kulia, kushoto, kulia, mwili mzima ukitikisika, tope likipanda pande zake kama udongo wa tuta. Makalio yake yalielekea bwawani, na mbele ya uso wake aliacha mfereji mwembamba, na maji ya kidimbwi yakimfuata polepole. Alikuwa ameshapita nusu. Akisimama, tumbo lake lilipanda na kushuka kama la mtu aliyebeba gunia. Kisha anaanza tena.

Mama aliteremsha jembe taratibu, akachuchumaa. Mama jirani akamsogezea ndoo aikalie. Akaikalia.

"Amekuwa hapo tangu lini?" mama akauliza, kwa Kiswahili.

"Nimemkuta. Kabla jua halijatoka."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mke sijamwona hata siku moja."

"Wapo wa hivyo," mama akasema, na sikujua anamsifu nani na anamlaumu nani.

Nilikuwa nimelala kirobani, napiga picha nikiwa nahema kama chura mwenyewe. Jua lilipanda. Akafika kwenye shina la majani makavu, mzizi mgumu umekatiza njia yake. Alisukuma. Aligeuka upande. Alisukuma tena, miguu ikateleza. Alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameshindwa.

Mama akainuka. "Huo mzizi si wake kuukata," alisema. Akanyanyua jembe, akalishusha taratibu kwa ncha yake, mbele kidogo ya chura, akaukata mzizi kwa pigo moja kama anavyokata magugu karibu na mche wa ulezi.

Chura akaruka. Lakini hakuruka kukimbia. Alilirukia jembe, akaling'ata pembeni, akaning'inia hapo, miguu ikipiga hewa.

"Yesu na Maria!" mama akalia, jembe mkononi, chura jembeni. "Mwondoeni! Mtamvunja meno!"

"Ana meno?" jirani akauliza.

"Muulize jembe!"

Wote wawili waliangua kicheko. Mama alicheka mpaka machozi, jirani akawa anajipiga paja, na mimi nilikuwa natetemeka kiasi kwamba picha zile zote zilitoka kama nimepiga ndani ya moshi. Hatimaye chura aliachia mwenyewe, akaanguka topeni, akatazama pande zote kuona kama kuna mwingine anayetaka ugomvi, akarudi mferejini. Mzizi haukuwepo. Baada ya kusukuma kidogo, tope likakatika, na maji ya bwawa yakaingia. Yalipita kwenye mfereji kama uzi, kisha kama kamba, yakakutana na yale ya kidimbwi.

Lile wingu jeusi lilisita. Kisha ncha yake ikachomoza, viluwiluwi kadhaa mbele, wengine wakafuata, wakiburuzana kwenye njia nyembamba ile, baba yao akitembea kando. Hapo ndipo nilipata picha nilizotaka, safu baada ya safu, na jua likiwa limeshuka vizuri majini. Nilipiga mpaka betri ikaisha. Nikaweka kamera pembeni nikatazama kwa macho tu, kama wenzangu.

Walipokwisha kupita, hatukuinuka haraka. Mama jirani aliuliza kuhusu mahindi, kama jua lile limeyaumiza. Mama akasema yamekunja majani lakini hayajafa. Akauliza na yeye kuhusu ng'ombe, kama njia ile ndefu haiwachoshi. Halafu, baada ya kusafisha jembe kwa majani, akasema bila kumtazama mwenzake, "Mahindi mabichi yapo. Ya chini kule yamekomaa vizuri. Si ya kuyaangalia peke yangu."

"Nikawaambie vijana wabaki na ng'ombe," jirani akajibu. "Nakuja."

Alikuja. Tuliyachoma uani, tukayala yakiwa ya moto, tukihamisha gunzi mkono hadi mkono. Mama alimsimulia mwenzake habari za baridi ya Juni na jinsi ya kuhifadhi ulezi usiingiwe na wadudu. Yeye alimsimulia mama safari yao ya kutoka kwao, na mifugo, miguu iliyovimba, mtoto aliyezaliwa njiani ambaye sasa ni kijana mrefu mwenye kunung'unika. Kuhusu ule ugomvi wa ulezi hakuna aliyesema neno, na nilikuwa na akili ya kutosha kutowakumbusha.

Siku mbili baadaye mvua ilirudi kwa kishindo, bwawa likajaa, na kidimbwi na mfereji vikamezwa na maji usijue vilikuwa wapi.

Pasaka ilipita, harusi zikarudi, Jumamosi zangu zikajaa tena mashela na vikapu vya maua. Lakini nimebakiza Jumatatu kwa ajili ya Mollo. Juma moja nilikuta majani ya ukingoni yanatikisika bila upepo. Vyura wadogo, wapya kabisa, wengine bado na kipande cha mkia, walikuwa wanatoka majini kuelekea nchi kavu, kila mmoja kwa njia yake. Mama alikuwa ametangulia. Alisimama katikati yao na viatu mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, akiogopa kukanyaga.

"Njoo unitoe," aliniambia.

"Kaa hapo hapo kidogo, mama," nikasema, nikatandika kiroba changu, nikalala chini.